Wanga wa Pipa la Nne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua nikitanguliza kitu kingine utasema mtoto huyu hana adabu. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Unapanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta? Na Bibi je, bado anagoma kulala mchana kwa madai kwamba usingizi wa mchana ni wa wagonjwa? Mdogo wangu namwombea heri na mitihani yake, na mwambie zile soksi zangu alizobeba nazijua. Huku sisi sote wazima, mimi, Mjomba na mkewe, hata yule kuku wao mkorofi anayetagia kwenye kapu la nguo. Wazima wa mwili, nasema. Moyo wangu umefura, Mama, na ukiona kalamu imekwaruza karatasi usidhani ni mbovu.

Barua yako niliipata jana kazini, saa ya chakula. Niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, chakula kikapoa. Umeniagiza nifunge begi nihame kwa Mjomba kabla mwezi haujaisha, eti jina lake lisije likanichafua na mimi. Umesema umeshamtumia ujumbe asikanyage hapo nyumbani tena, hata kuja kumwona Bibi. Bibi, mama yake aliyemzaa! Yule yule ambaye Mjomba humkata kucha kila mwisho wa mwezi kwa sababu hamruhusu mwingine amshike miguu! Unauliza mwanamume mzima, miaka ishirini na sita kazini, anaharibuje mzigo mzima wa wanga kwa uzembe mpaka afukuzwe kama mwizi. Na unasema Mama Mkubwa amekueleza yote.

Ningepiga simu, lakini nakujua. Ungenikatiza kabla sijafika katikati, mimi ningelia, na tungeishia kuulizana habari za mvua. Karatasi haikatizwi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuitupa.

Kwanza nimalizane na Mama Mkubwa. Hivi yeye aliingia lini kiwandani? Anachokijua kuhusu wanga ni ule wa kupigia mashati pasi! Miaka yote amekuwa akitania kwenye shughuli za watu kwamba kaka yake anashinda na wanga, watu wakigeuka kwa hofu wakidhani anasema wachawi, naye akicheka mpaka anashika mbavu. Leo ndugu yake wa tumbo moja ameanguka, badala ya kumshika mkono anazunguka nyumba kwa nyumba kusambaza habari. Atakuambia lisemwalo lipo. Lipo kwa sababu wapo wasiokuwa na kazi nyingine zaidi ya kulisema! Unisamehe, Mama. Najua ni dada yako. Lakini nimechoka.

Siku moja uliniuliza tunafanya nini hasa na wanga wote ule, nikakujibu kwa mkato nikaenda kuoga. Leo nakueleza, maana usipolijua hili hutajua nani alikosa nini. Wanga wa muhogo ukiupika hivi hivi unakuwa mzito, wa kuvutika. Ukiutia kwenye mabomba ya kiwanda cha maboksi unaziba, na ukilala mpaka kesho yake unatoa maji. Haufai kwa kazi kubwa. Kwa hiyo Mjomba husema lazima tuufunde kwanza. Tunauchanganya na maji kwenye pipa lenye ukubwa wa chumba chako cha kulala, mpaka uwe kama maziwa. Tunaupasha joto la vuguvugu tu, kwani ukizidisha unaivia mle mle na watu watashinda siku mbili wakiuchimbua kwa koleo. Halafu tunautilia asidi kidogo kidogo huku unakorogwa kuanzia alfajiri mpaka jioni. Asidi inaukatakata kwa ndani. Kwa macho huoni badiliko, ni weupe ule ule, ila ukija kuupika sasa unateremka mwepesi na ukikauka unashika karatasi mpaka uichane.

Lakini asidi haina breki. Ukishafika pale unapotaka, inabidi uiue kwa magadi, uuoshe wanga, ndipo uupeleke kwenye mashine ya kukaushia. Ukiacha asidi hai, hata kidogo, ikifika kwenye lile joto la kukaushia inaendelea kukata na kukata. Unapata unga uliochoka. Gundi yake haishiki hata bahasha.

Kazi hiyo ya kujua asidi imekufa au bado ndiyo kazi ya Mjomba. Miaka yote hiyo alikuwa anachota tone moja kwenye pipa, analigusisha kwenye ncha ya ulimi, anatema, anasema mmwage ndoo mbili zaidi za magadi, au anasema basi. Ndiyo maana wenzake wanamwita Ulimi. Sikuwahi kusikia hata pipa moja lililorudishwa na mteja.

Mwaka jana meneja wetu, yule niliyekuambia anavaa tai hata siku ya kuzibua mifereji, akanunua kipimo cha asidi chenye namba zinazowaka. Akakitembeza kwa wateja kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Akawaahidi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna tena mambo ya kuonja, kila kitu ni sayansi. Akaweka sheria: hakuna pipa litakalofunguliwa kwenda kukaushwa mpaka mpishi wa wanga, ndiye Mjomba, apewe karatasi na mpimaji wa maabara, yenye namba na sahihi. Mpimaji, kama unavyojisifia kwa majirani, ni mimi. Mjomba hakubisha. Alisema kila zama na watu wake, akamwomba mkewe amshonee mfuko mdogo wa kifuani wa kuwekea hizo karatasi zisilowe.

Sasa sikia. Wiki nne zilizopita alikuja mama mwenye kiwanda cha maboksi, ameshika boksi moja jipya. Hakusalimia mtu. Aliliweka mezani kwa meneja, akatia ndani kopo moja la rangi, akaliinua boksi. Kopo likabaki mezani. Akasema ana ghala zima la maboksi ya namna hiyo, na sabuni za wateja wake zimemwagika barabarani. Wakakagua magunia, wakakuta ni ya pipa la nne, unga una manjano kidogo ukiutazama kwenye mwanga, na ukiulamba unachonyota.

Meneja hakuuliza kitu. Aliagiza Mjomba aitwe, na mbele ya yule mama na mbele yetu sote akamwambia kwamba ulimi wake ndio umekiaibisha kiwanda, kwamba amefungulia pipa kwa mazoea ya kizamani bila kungoja kipimo. Mjomba akasema yeye hajawahi kufungulia pipa bila karatasi tangu sheria iwekwe. Akaambiwa basi aitoe karatasi ya pipa la nne. Mjomba akajipapasa kifuani, akasema imepotea. Huenda ililowa, akasema. Khaa! Mtu aliyeshonewa mfuko makusudi! Meneja akacheka kwa pua.

Walimfukuza siku ile ile. Getini wakamvua aproni, wakamvua na buti, eti ni mali ya kiwanda, akatoka na kandambili za kuazima kwa mlinzi. Miaka ishirini na sita, Mama! Nilitamani nimrukie mtu. Na tangu siku hiyo bado anaamka saa yake ile ile, ananawa, anavaa, anapiga viatu brashi, kisha anakaa kwenye benchi la nje na hana pa kwenda. Watu wakipita anawasalimia yeye kwanza ili wasipate nafasi ya kumuuliza. Mkaza mjomba amekonda. Bado kila asubuhi ananimiminia mimi chai kwanza, kikombe kikubwa, kwa sababu mimi ndiye niendaye kazini.

Na sasa nimefika mahali ambapo huenda utataka kuitupa hii barua.

Karatasi ya pipa la nne ilikuwepo. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu huu, na sahihi yangu chini.

Kile kipimo, Mama, kila asubuhi lazima kisahihishwe kwa maji maalumu. Yanakuja kwenye chupa, yameshajulikana nguvu yake. Unamimina kidogo kwenye kikombe, unachovya kipimo, unakirekebisha mpaka kikubaliane na maji, halafu yale ya kikombe unayamwaga. Yanamwagwa! Alinifundisha hivyo siku ya kwanza yule fundi aliyekileta. Mimi nikaona ni ubadhirifu. Maji mazuri, safi kwa macho, yamechovywa mara moja tu, niyamwage? Nikawa nayarudisha kwenye chupa. Vile vile unavyotufundisha jikoni, mafuta ya kukaangia hayamwagwi, yanarudishwa chupani yasubiri kesho. Wala sikulaumu, mafuta ni mafuta. Lakini kila siku kipimo kilikuwa kinatoka kwenye wanga wa asidi, kinadondoshea mle, na mimi narudisha. Mwezi mzima. Mpaka yale maji yenyewe yakawa na asidi, na kipimo kikajifunza uongo kutoka kwa mwalimu wake. Pipa lilikuwa bado kali, kipimo kinaniambia saba, yaani limetulia.

Siku ya pipa la nne Mjomba alikuja mlangoni pa maabara, akasema kwa upole kwamba tone bado linamuuma ulimi, anaomba nipime tena kabla hajaipokea karatasi. Nikapima, saba. Akaenda, akarudi, akaomba tena. Saba. Mara ya tatu aliponiomba ruhusa ya kuongeza ndoo mbili tu za magadi, nilipandwa na hasira. Wapakiaji walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia, na nimwambie nani, mjomba wangu aliyenitafutia kazi na kunipa chumba, nikamwambia ulimi ni wa kulia chakula, kazi inafanywa kwa vipimo. Watu wakacheka. Nilifurahi walivyocheka, Mama, nisikudanganye. Mjomba akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wake, akaenda kufungulia pipa, kwa sababu sheria ni sheria na karatasi anayo.

Na siku ya meneja, baada ya Mjomba kusema imepotea, meneja alinigeukia mimi. Akaniuliza kama nilitoa karatasi ya pipa lile. Daftarini nilikuwa sijaandika, kwa hasira za siku ile. Nikatazama sakafu. Nikasema sikumbuki.

Sikumbuki! Mimi, ambaye tangu nikiwa na miaka minne mnaniita Kidomo kwa kutojua kunyamaza! Neno moja tu nililotakiwa kulisema maishani mwangu, nikalimeza. Mjomba alikuwa ananitazama wakati nalisema, na uso wake haukuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyepumua. Wiki nne nimekula chakula chake. Wiki nne nimemlaani meneja, na Mama Mkubwa, na jana nikakulaani na wewe kimoyomoyo, na kila nikimaliza kuwalaani nyote nabaki mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Mjomba kinalala chumba cha pili, kimejifunika blanketi lake.

Leo asubuhi nimekwenda kwa meneja na maelezo niliyoyaandika, nikamwambia yote, mpaka habari ya chupa. Unajua alinijibu nini? Alifunga mlango kwanza. Kisha akasema mimi ni binti mwenye akili na mbele yangu kuna makubwa. Akasema Mjomba umri wake umeshakwenda, angestaafu karibuni kwa vyovyote, na hakuna anayefaidika tukianza kuchimbua. Nikamwambia Mjomba anafaidika. Akasema wateja walinunua wanga kwa kukiamini kile kipimo, wakisikia kipimo kimekosea kiwanda kitayumba, lakini wakisikia mzee mmoja amekosea, wazee wapo kila mahali. Ndivyo alivyosema, Mama, huku anajinyoosha tai! Akanirudishia karatasi yangu ya maelezo, akaniambia niende nikafanye kazi.

Sikuifanya. Nilirudi maabara nikayaandika maelezo yale upya, nakala mbili, kwa herufi kubwa. Moja nimempelekea kwa miguu yule mama wa maboksi, nimemkabidhi mkononi, na alinisoma usoni kwa muda mrefu kabla ya kuniambia nikae. Amesema kesho atakuja kiwandani na hataki kumwona meneja kabla ya kumwona mpishi wa wanga. Nakala ya pili nimeibandika getini kwenye ubao wa matangazo, pale pale walipomvulia Mjomba buti. Nilipogeuka wapakiaji walikuwa wameshajaa nyuma yangu wanasoma. Hakuna aliyecheka. Ikiwa barua hii inakukuta sina kazi, ujue nimeipoteza mimi mwenyewe na si kwa jina la mtu mwingine.

Limebaki moja, nalo linakuhusu wewe.

Juzi juzi, kabla barua yako haijaja, nilimfuata Mjomba kwenye benchi nikamuuliza kwa nini alisema karatasi imepotea. Alikuwa nayo kifuani wakati ule ule meneja anamuuliza. Mkewe ndiye aliyeikuta alipofua shati, imeloa yote, akaitupa bila kujua ni ya pipa gani, akanitajia kwa kupita tu. Mjomba hakutaka kujibu. Nilipomng'ang'ania akanitaka niape kwanza kwamba sitakuambia wewe. Watu wote wengine hakuwataja, wewe tu. Nikaapa. Leo navunja kiapo na sijutii.

Alinikumbusha siku uliyonileta kwake. Nilikuwa nimesimama pale pale, begi liko miguuni, wala sikutia maanani, nilidhani ni maneno ya kuagana. Ulimwambia unamkabidhi mtoto wako, na kwamba siku nitakayorudi nyumbani na aibu, yeye asithubutu kugonga mlango wako. Mjomba alisema ahadi kwa dada yako huiwekei masharti. Alisema angeitoa ile karatasi mimi ningefukuzwa siku ile ile na jina langu kusomwa kwenye viwanda vyote, na wewe ungemtazama kwa jicho gani.

Basi sikia, Mama. Sikurudi na aibu. Aliibeba yeye, yote, akatoka nayo getini na kandambili za watu. Amefanya ulichomwambia afanye, na mlango umemfungia hivyo hivyo.

Mimi sihami kwake. Unisamehe kwa hilo na kwa ukali wa ulimi wangu, lakini sikuombi radhi kwa niliyoyasema, maana ndiyo kweli yenyewe. Barua hii msomee Mama Mkubwa kwa sauti, usimrukie hata mstari, ili akizunguka tena kwenye nyumba za watu azunguke na habari iliyokamilika. Mdogo wangu msalimie sana. Bibi mwambie kucha zake azivumilie siku chache, Jumamosi mwanawe anakuja. Nitakuja naye mimi mwenyewe. Tutasimama mlangoni wawili, na tutagonga wawili. Ukiamua kufungua, utufungulie wote. Ukiamua kufunga, Mama, safari hii utamfungia aliyekosa.

Ni mimi mwanao,

Kidomo